Shahidi wa Safari ya Nne

Afande Obadia Chaula alikufa kabla mimi sijamaliza shule, lakini tunafanya kazi pamoja, na kati yetu wawili ni mimi ninayechelewa kazini.

Asubuhi ile ya Juni umande ulikuwa umeganda kwenye mashamba ya chai na mabomba ya Hifadhi yalikuwa hayatoi hata tone. Hifadhi ya Mashahidi ilijengwa Njombe kwa sababu mashine zake zinachemka kama vyungu, na serikali iliona ni nafuu kuzileta kwenye baridi kuliko kuzipelekea baridi Dar es Salaam. Sisi tunaozihudumia hatukuulizwa. Nilivaa makoti mawili, nikaketi mbele ya kioo, nikabonyeza.

"Nani?" akauliza. Sauti huwa inatangulia, sura inafuata.

"Sekela, afande. Shikamoo."

"Marahaba. Leo tena?"

"Leo ukaguzi tu. Mgeni ni kesho."

Sura ikatokea, mtu wa Makete mwenye mashavu mapana, kofia ya manyoya imemfunika masikio. Alinitazama kama mtu aliyeamshwa ndio kwanza ameanza kusinzia. Nami nilikuwa na mafua, mshahara ulikuwa umechelewa, na nilikuwa nimeshaamsha mashahidi wengine kabla yake, kwa hiyo tulitazamana hivyo hivyo, wachovu wawili.

"Haya," akasema. "Tuanze na safari ya kwanza?"

"Tuanze."

Ukaguzi ni kazi ya kuchosha kuliko kazi yenyewe. Shahidi anaeleza safari zake zote kwa kifupi, na mashine inalinganisha maneno yake ya leo na yale ya zamani, isije ikawa kuna kitu kimeharibika ndani. Nilikuwa nazijua safari za Chaula kama ninavyoijua njia ya kwenda sokoni. Barafu ya kaskazini ilipoanza kuyeyuka kila kiangazi, meli za mizigo zilihamia huko kufupisha njia, na mabaharia wengi wakawa vijana wa pwani yetu, maana hawakuwa ghali. Kila nchi iliyotoa mabaharia ikatakiwa kutoa na polisi kwa Kikosi cha Pamoja. Makao makuu wakauliza ni askari gani waliozoea baridi. Kamanda mmoja akajibu, chukueni Wakinga wa Makete.

"Nikawaambia mimi nimezoea baridi ya shamba la viazi," Chaula alisema, kama anavyosema kila mara. "Wakasema baridi ni baridi."

Nilicheka kidogo kwa heshima. Kichekesho kile kilikuwa kimeshakwisha chumvi zamani.

Walimtia kinasa nyuma ya sikio, kidogo kama punje ya mtama, kikawa kinashika kila alichokiona na kukisikia na namna moyo wake ulivyopiga. Alitia saini bila kusoma, kama sisi sote tunavyotia saini. Alipokufa nyumbani kwake kwa ugonjwa wa kifua, kinasa kikaletwa hapa, na mashine ikamfinyanga mtu kutokana na kumbukumbu zile. Kumbukumbu zenyewe hazipo tena. Unga ukishakuwa ugali huwezi kuurudisha kuwa unga. Aliyebaki ni yeye, na njia pekee ya kujua yaliyotokea kule ni kumwamsha umwulize.

Mwanzoni mashahidi walikuwa wakizimwa wanasahau. Mawakili wakalalamika kwamba shahidi asiyekumbuka alichosema jana anaweza kujipinga kesho, basi sheria ikabadilishwa, na sasa wanakumbuka kila ushahidi waliowahi kuutoa. Chaula ameivuta upya, kwa maneno, ngazi ya meli ya safari ya nne mbele ya tume, mbele ya majaji, mbele ya watu wa bima, na mbele ya kila ndugu aliyefunga safari kuja Njombe. Sheria ikaongeza na hili: kwa yaliyotokea safarini, shahidi hatangulii swali. Wale wa kwanza walikuwa wanaropoka hovyo. Siku hizi shahidi anajibu alichoulizwa, akimaliza ananyamaza.

Tulifika safari ya nne. Meli ya mizigo ilizama, mabaharia wakaingia kwenye boti ya kuokolea, meli ya doria ikawafikia na kushusha ngazi. Chaula alikuwa ndiye anayeshika mlango wa ngazi. Barafu ikaanza kuibana meli, nahodha akaamuru ngazi ivutwe, na botini wakabaki vijana wanne, wote wa mwambao wetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara. Walikuwa na redio ndogo ya mkononi. Chaula alikuwa na nyingine. Alikaa nao kwenye redio mpaka ikanyamaza.

Yote haya yalikuwa yameshaulizwa. Nani alitoa amri, upepo ulikuwaje, vijana walisema nini. Familia tatu zilikwisha kusikia maneno ya watoto wao, zikaridhia faili lifungwe. Ilibaki familia moja, ya Hiza wa Tanga. Mama yake akiweka alama ya kidole chake kesho, faili litafungwa, na Chaula hataamshwa tena. Sheria yenyewe inaliita jambo hilo mazishi. Hakibaki kitu, hata ushahidi alioutoa unafutwa, kwa sababu ni mwili wa mtu ule, si karatasi.

Nilikuwa nakusanya vitu vyangu. Nilimwuliza kwa kupitisha tu, kama unavyomwuliza jirani hali ya watoto huku unafunga mlango.

"Na wewe afande, ukawaambia nini?"

Feni za mashine zikaongeza kasi.

"Hilo hujawahi kuniuliza," akasema.

"Kuna aliyekuuliza?"

"Hakuna. Wote huuliza wao walisema nini." Alijifuta uso, ingawa hana uso wa kujifuta. "Kulikuwa na kibanda cha wapima hali ya hewa, kisiwani. Kilionekana kwa macho. Barafu ilikuwa bado imeshikana. Hiza akaniita redioni, akasema afande, tunataka tutembee mpaka pale. Nikamwambia msitoke. Kaeni hapo hapo, tunakuja."

"Mlikuwa mnakwenda?"

"Hapana. Nahodha alikuwa ameshageuza meli. Nilijua."

Nilikaa tena kitini.

"Sasa kwa nini, afande?"

"Wewe Sekela, mtu akikupigia simu akakuuliza uko wapi, nawe bado unatafuta kiatu uvunguni, unamjibuje?"

Sikutaka kujibu. "Niko njiani," nikasema.

"Haya. Ilinitoka hivyo hivyo. Nilitaka wasiogope. Ni kama unavyomwambia mgeni karibu tule, na sufuria ni tupu. Nikamsikia Hiza anawaambia wenzake, tulieni jamani, afande ni mtu wa kwetu, kasema wanakuja. Angesema Mzungu wangetembea. Nilisema mimi, kwa Kiswahili, wakakaa."

"Wakakaa mpaka lini?"

"Mpaka barafu ilipopasuka."

Nilimchukia wakati ule, nasema kweli. Miaka yote nilikuwa namhurumia, namletea habari za Makete, bei ya viazi, nani kafa nani kaoa, na yeye amekalia neno hilo. Kisha nikakumbuka kwamba hakulikalia. Sisi ndio tuliomfunga mdomo kwa sheria yetu, na hakuna aliyekuwa na akili ya kuuliza.

"Kesho utamwambia mama yake?"

"Akiniuliza."

"Na asipouliza?"

"Atasikia maneno ya mwanawe, ataweka kidole, nami nitalala." Alitazama chini. "Nimechoka, mwanangu. Nakuomba usiulize. Tena nakuomba uulize. Sijui nakuomba lipi. Zima."

Nikazima.

Bwana Mhagama, mkurugenzi wetu, alikuwa ofisini kwake akimenya viazi vya kuchemsha juu ya gazeti. Ni mtu mwema, mnene, aliyebakiza muda mfupi kustaafu, na anayeogopa jambo lolote litakalorefusha muda huo.

"Mzee, kuna jambo la safari ya nne halijawahi kuulizwa," nikamwambia.

Akainua mkono wenye chumvi. "Usiniambie."

"Lakini mzee..."

"Sekela, nikilijua nitalazimika kuliandika. Nikiliandika, faili linafunguliwa upya kwa familia zote nne, wanakuja mawakili, na yule marehemu wako anaamshwa mpaka wajukuu zetu wazeeke." Akanisogezea kiazi. "Litamrudisha mtoto?"

"Hapana."

"Litampunguzia mama uchungu?"

"Litamwongezea."

"Basi unataka kumpa nini mama wa watu? Ametoka Tanga. Amekuja kuzika. Mwache azike."

"Na afande? Kila nikikuambia amechoka unasema faili halichoki."

"Na leo nasema hivyo hivyo. Ila wewe unaamini linachoka, basi kwa imani yako wewe mwenyewe, usipouliza unawapumzisha watu wawili kwa mpigo. Ukiuliza unawatesa wawili. Hesabu gani hiyo?"

Nilikula kiazi chake. Kusema kweli nilitaka sana awe amesema haki.

Bi Mwanakombo, mama yake Hiza, aliingia kesho yake akitetemeka, khanga juu ya koti la mjukuu wake lililomfika magotini. Alikuwa mdogo wa umbo, sauti kubwa. Alinikabidhi mfuko wa machungwa ya Muheza kabla hata sijamwamkia.

"Shikamoo bibi. Pole na safari."

"Marahaba, mwanangu. Huku mnaishi watu kweli, au mmewekwa tu?"

Nilimpa chai ya tangawizi. Akakishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa, akitazama mashine zinavyowaka taa, mlango hadi mlango.

"Yumo humu?"

"Yumo, bibi. Ukiwa tayari."

"Mie nshakuwa tayari zamani. Bahari imeshakula mtaa wetu, imefika msikitini. Wenzangu wote wamehamia juu, Amboni huko. Watoto wananipigia kelele, mama hama, mama hama. Nawaambia, Hiza nyumba anayoijua ni hii. Nikihama atanipataje?" Akacheka, kisha akaacha. "Hitima tulisoma. Shehe alisema inatosha. Lakini mtu hajarudi hata na kiatu, moyo haukubali. Ndiyo nimekuja. Nisikie, nitie kidole, nihame."

Nikamwamsha Chaula. Alimwamkia yule mama kwa heshima zote, akavua kofia. Sikuwahi kumwona akivua kofia.

"Wewe ndiye uliyekuwa na mwanangu?"

"Ni mimi, mama."

"Aliniita?"

"Alikuita. Alisema usiambiwe kwamba alikuwa na baridi."

Bi Mwanakombo akajifunika mdomo kwa ncha ya khanga. Mabega yakamtikisika, sikujua kama analia au anacheka, nadhani vyote. "Mjinga yule," akasema. "Siku zote mjinga. Baridi, huko, nisiambiwe!"

Akauliza mengine. Alikula? Alikula biskuti, akagawa. Aliswali? Aliswali, aliuliza kibla, na Chaula akamtafutia kwa dira ya meli. Kila jibu lilimlegeza kidogo, nikaona anavyokaa vizuri zaidi kitini. Mwisho akavuta pumzi.

"Sasa niambie kweli, baba. Aliogopa?"

"Hapana, mama. Hakuogopa."

"Wallahi?"

"Mpaka mwisho hakuogopa."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Mwanakombo. Akaweka kikombe chini, akapangusa kidole gumba kwenye koti. "Lete hicho kitu nitie kidole."

Nilikishika kile kibao cha kidole mikononi. Mhagama alikuwa amesimama mlangoni, akanitikisia kichwa taratibu, kwa upole, kama mtu anayemkataza mtoto asiguse kitu cha moto. Chaula hakuwa akimtazama mama tena. Alikuwa akinitazama mimi, na macho yale sikuweza kuyavumilia. Yangeniomba kitu kimoja ningekifanya. Nilimwangalia yule bibi anayenyoosha kidole chake, ameridhika, na nikawaza kwamba anakwenda kuhama nyumba yake kwa sababu ya jibu nililojua limekatwa nusu.

"Afande," nikasema. "Kwa nini hakuogopa?"

Mhagama alitoka akafunga mlango nyuma yake.

Chaula akasema yote. Kibanda, barafu iliyoshikana, swali la Hiza, neno alilomjibu, na nahodha aliyekuwa ameshageuza. Hakujitetea. Hata ule mfano wa sufuria tupu hakuutoa.

Bi Mwanakombo alikaa na kidole kimenyooka hewani muda wote huo. Chaula alipomaliza, mama akakikunja ngumini, akainuka, akatoka.

Nilimkuta nje kwenye benchi, upande wenye jua. Hakunitazama.

"Wewe ulikuwa unajua?"

"Tangu jana, bibi."

"Nilikuja hapa na mwanangu aliyekufa maji, kazi ya Mungu. Ungeniacha nikaondoka naye huyo huyo. Sasa umenipa mwingine, amekaa kwenye boti anamngoja polisi." Akageuka. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi?"

"Sikuweza, bibi. Ulikuwa unashukuru."

Tulikaa. Gari la maziwa likapita, likapandisha mlima, likapotea. Nilitaka kumwomba radhi lakini nilijua ningekuwa najiombea mimi mwenyewe, basi nikabaki kupangusa pua iliyokuwa inatiririka kama ya mtoto.

"Nirudishe ndani," akasema hatimaye.

Chaula alikuwa bado ameshika kofia.

"Wangefika?" Bi Mwanakombo akamwuliza, amesimama. "Kule kibandani. Ungewaacha watembee, wangefika?"

"Sijui, mama."

"Usinidanganye tena."

"Sijui. Barafu ilikuwa imeshikana, lakini sikuijua barafu ile. Huenda wangefika. Huenda ingepasukia njiani. Nimeitembea mwenyewe humu ndani, kila wakinizima na kila wakiniamsha. Siku nyingine wanafika. Siku nyingine hawafiki."

"Na wakishakuzima, unakuwa wapi?"

"Sijui niite wapi. Ni kama mtu amekaa kwenye benchi la kituo, hajaitwa jina."

"Unangoja."

"Naam."

Bi Mwanakombo akamtazama sana. Uso wake ulikuwa mgumu, sikuona huruma hata chembe, na nilishaanza kupanga namna ya kumsindikiza stendi. Akanyoosha mkono kwangu, nikampa kibao.

"Nisikilize," akamwambia Chaula. "Sijakusamehe. Sijui kama nitakusamehe, pengine sitakusamehe. Lakini kungoja nakujua mie. Nimekula nako, nimelala nako, maji yameingia ndani nimekaa nako. Simtakii mtu, hata weye." Akakandamiza kidole mpaka ukucha ukawa mweupe. "Nenda."

Chaula alifungua mdomo. Sheria ilikuwa bado inafanya kazi, na hakuwa ameulizwa kitu. Akaweka kofia kifuani, akainamisha kichwa, na kioo kikawa cheusi. Feni zikaendelea kidogo, kisha moja moja zikasimama, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe nikasikia ndege wa nje kutoka ndani ya chumba kile.

Bi Mwanakombo akajifunga khanga vizuri.

"Sasa hili jambo nani analijua?"

"Wewe na mimi, bibi. Mkurugenzi alikataa kulisikia."

"Wale wenzake mwanangu wana ndugu. Wana watoto, pengine. Wakija kuuliza?"

"Wataambiwa faili limefungwa. Sheria hainiruhusu kusema lolote."

"Sijakuuliza sheria."

Nilimwangalia. Alikuwa amechoka kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, na bado alikuwa akingoja nijibu.

"Mie mtu mzima, mwanangu," akasema. "Nikiuona mwakani ni bahati. Utabaki weye."

Nilitaka kumwambia kwamba na mimi nimechoka, kwamba mimi ni karani tu, nina mafua na kodi ya nyumba. Nikamshika mkono, maana ngazi zilikuwa bado na barafu, na njiani nikamwomba anitajie majina ya wale watatu na vijiji vyao, mmoja mmoja.